Punda anaweza kuwapunguzia wamama wa Masisi mzigo, lakini si punda wa kulala kwenye mvua

Siku ya soko, mzigo mkubwa wa Masisi unapanda milima juu ya mgongo wa mama. Ni gunia la viazi au la makala, kamba imepita kwenye paji la uso, na mara nyingi kuna mtoto kifuani. Chukudu, ambayo Goma imeijengea hata sanamu, inasaidia kwenye mteremko na barabara ngumu. Ikifika kwenye matope, mwenyewe ndiye anaisukuma. Pikipiki inapita pengi, ila bei yake si ya familia iliyotoka kambini na kukuta nyumba yake haina mabati.

Kwa hiyo wazo la punda si la kuchekwa. Majani yako, na wakaaji wa huko wanajua kuishi na mnyama. Fromaji ya Masisi haikutoka hewani. Huko Lamu, pwani ya Kenya, punda wanabeba mchanga na mawe ya kujengea katika vichochoro ambamo gari haiingii, na tangu 1987 wana kliniki yao.

Walikale ni habari nyingine. Kwenye misitu ya chini ya Congo, mbung'o anaambukiza wanyama ugonjwa wa nagana. Farasi hawezi kuuvumilia, na punda naye anaugua. Mwanzoni mwa karne ya 20, utawala wa Leopold II ulifikia hatua ya kufundisha tembo kazi huko Uele. Mtu akija kuuza punda Walikale, aulizwe kwanza dawa ya nagana atailipa nani.

Lakini hata huku juu Masisi, kwenye baridi, kuna adui ambaye watu hawamfikirii: mvua. Asili ya punda ni nchi kavu. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Akilowa anafika ngozi, anapata baridi na mapafu yanaugua. Akisimama siku nzima kwenye matope, kwato zinalainika na kuoza. Ng'ombe anaweza kubaki kilimani usiku, punda hapana. Anahitaji kibanda chenye paa na sakafu kavu. Familia zilizolala chini ya turubai Bulengo au Kanyaruchinya hazihitaji kuelezwa maana yake.

Tena kuna uzito. Punda wa kilo 150 abebe kama kilo 50, si zaidi. Gunia la kilo 100 ni safari mbili, hata kama mwenye gunia ana haraka. Mzigo ugawanywe sawa pande zote mbili, chini kuwe na blanketi nene, na kamba isilale juu ya uti wa mgongo. Pale ndipo vidonda huanza. Kazi nzito ingoje hadi miaka 3 au 4. Mwanzoni anafundishwa kutembea na kamba, kisha kubeba tandiko tupu, ndipo mzigo mdogo. Akiogopa, punda hakimbii kama farasi, mara nyingi anasimama. Watu wanasema ana kichwa ngumu, wanachukua fimbo, na yeye anazidi kusimama. Katika nchi ambamo risasi zinasikika, jambo hilo si dogo.

Swali gumu zaidi ni la mikono. Punda akipewa baba, mwezi wa pili atakuwa anabeba mbao za biashara, na mama bado ana bidoni ya maji kichwani. Afadhali wapewe vikundi vya wamama, wawili wawili, maana punda akiwa peke yake anadhoofika. Na vikundi vijihadhari na wanunuzi wa ngozi. Biashara hiyo ilipunguza punda wengi Afrika, hadi Umoja wa Afrika ukakubaliana Februari 2024 kusimamisha kuwachinja kwa ajili ya ngozi.

Kwato zinakatwa kila wiki 6 hadi 10. Veterineri wa Masisi amezoea ng'ombe, na kwato ya punda haifanani na ya ng'ombe. Kwa hiyo kijana mmoja au wawili katika kila kijiji wafundishwe kazi hiyo kabla punda wa kwanza hajashushwa Sake.