Neno la Siri la Nyumbani na Watunzaji Wake

Katika miaka ya karibuni vyombo vya nyumbani vimepata uwezo mpya. Kamera ya ulinzi, taa, televisheni na hata kufuli la mlango huweza kuunganishwa na mtandao wa Wi-Fi wa nyumba na kuendeshwa kwa simu kutoka mbali. Vifaa hivi, viitwavyo vifaa janja, havipatikani tena ng'ambo tu. Vinauzwa Kariakoo na katika maduka ya miji mingi ya mikoani. Faida zake ni dhahiri, wala hatuna sababu ya kuzipinga. Lakini liko jambo moja ambalo muuzaji kwa kawaida halisemi na mnunuzi haliulizi: kila kifaa kinachoingia katika mtandao wa nyumba hupewa neno la siri la mtandao huo, nacho hulitunza.

Maoni ya makala haya ni kwamba neno la siri la nyumbani litunzwe kama ufunguo uliochongwa nakala nyingi. Mwenye nyumba hana budi kujua nakala hizo ni ngapi, ziko kwa nani, na zitarudi vipi.

Kwa nini kifaa hutunza neno la siri

Umeme unapokatika na kurudi, taa janja hujiunga tena na mtandao bila kumwuliza mtu. Huweza kufanya hivyo kwa sababu neno la siri, au ufunguo uliokokotolewa kutokana nalo, umehifadhiwa katika kumbukumbu isiyofutika umeme unapokosekana. Katika utaratibu wa ulinzi uitwao WPA2, ulioanza mwaka 2004 na ambao ungali ukitumika katika nyumba nyingi, kwa kawaida vifaa vyote hutumia neno moja.

Simu ya kisasa hulificha neno hilo kwa maandishi ya fumbo. Kifaa cha bei nafuu huenda kisilifiche. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mtafiti mmoja alifungua taa janja ya kampuni ya LIFX, akasoma chipu yake, akakuta neno la siri la Wi-Fi limeandikwa humo waziwazi. Kampuni ilirekebisha kasoro hiyo kwa programu mpya, lakini funzo limebaki: taa mbovu iliyotupwa jalalani huweza kuondoka na ufunguo wa nyumba.

Aidha, yafaa tutofautishe mambo mawili. Liko neno la siri la mtandao, na liko neno la siri la kifaa chenyewe, ambalo mara nyingi hutoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea duniani kwa kujaribu orodha fupi tu, yapata jozi 60 za majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama vile "admin" na "12345". Kamera na ruta zilizotekwa kwa njia hiyo ziliamriwa kushambulia mitambo mingine. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo ziliilemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi walishindwa kufikia huduma kubwa kama Twitter na Netflix. Wenye kamera hizo hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu wa kawaida ambao hawakubadili neno la kiwandani.

Namba ya simu si neno la siri

Ni desturi ya wengi wetu kutumia namba ya simu kuwa neno la siri la Wi-Fi, maana haisahauliki. Hebu tufanye hesabu. Namba inayoanza na 07 hubakiza tarakimu 8 za kubahatisha, yaani namba milioni 100. Mdukuzi akiwa karibu na nyumba huweza kunasa mawasiliano ya kifaa kinapojiunga na mtandao, kisha akayapeleka kwenye kompyuta yake. Kompyuta moja yenye kadi nzuri ya michoro huweza kujaribu maneno milioni moja kwa sekunde. Kwa kasi hiyo namba zote zitamalizika kabla ya dakika mbili.

Sasa tuchukue kamusi yenye maneno 10,000, tuifungue bila kupanga mara nne, na kila mara tuokote neno moja. Mipangilio iwezekanayo ni trilioni 10,000, na kompyuta ile ile ingehitaji zaidi ya miaka 300 kuijaribu yote. Maneno manne ya kawaida yaliyookotwa hivyo hukumbukwa kwa urahisi kuliko fumbo la alama. Ila yasiwe methali wala mstari wa wimbo, kwa kuwa hayo wadukuzi huyaorodhesha mapema.

Tuandike, wala tusione haya

Tumezoea kuonywa tusiandike neno la siri mahali popote. Onyo hilo linafaa ofisini, ambako watu wengi hupita mezani. Nyumbani hali ni tofauti. Adui mkubwa wa kamera ya sebuleni yuko mbali, pengine nchi nyingine, naye hawezi kusoma daftari lililofungiwa kabatini. Anayekatazwa kuandika hujikuta akitumia neno moja fupi kila mahali, na hilo ndilo adui analolitaka. Wenye kutumia programu maalumu za kutunzia maneno ya siri waendelee nazo; kwa nyumba nyingine daftari latosha.

Kwa hiyo napendekeza mambo yafuatayo:

1. Kila nyumba iwe na daftari la vifaa: jina la kifaa, neno lake la siri, tarehe ya kukiunganisha na aliyekiunganisha.

2. Neno la kiwandani la kila kifaa, na la ruta yenyewe, libadilishwe siku ya kwanza. Fundi aliyefunga kamera akiondoka, maneno aliyoyajua yabadilishwe. Hili si kumtuhumu fundi. Hata mpangaji mpya hubadili kufuli.

3. Vifaa janja viwekwe katika mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao, wenye neno lake peke yake. Simu na kompyuta za familia zibaki katika mtandao mkuu. Hivyo taa ikipotea, neno la wageni pekee ndilo litakalobadilishwa.

4. Kabla ya kuuza, kugawa au kutupa kifaa, kifutwe kumbukumbu zote na kurudishwa katika hali ya kiwandani. Kikifa kisiweze kufutwa, neno la mtandao wake libadilishwe.

Wajibu usiokuwa wa mwenye nyumba

Hata hivyo, si haki kumtwisha mwananchi mzigo wote. Jimbo la California lilianza tarehe 1 Januari 2020 kudai kwamba kifaa kiwe na neno la siri la pekee, au kimlazimishe mtumiaji kuweka lake. Uingereza ilifuata tarehe 29 Aprili 2024 kwa kupiga marufuku maneno ya kiwandani yanayofanana. Kifaa kilichokataliwa huko kitatafuta soko kwingine, na soko hilo lisiwe letu. Shirika la Viwango Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano yafaa visimamie sharti kama hilo bandarini, na kila kifaa kije na maelezo ya Kiswahili juu ya kubadili neno la siri na kufuta kumbukumbu.

Kamera hununuliwa ili ilinde watoto na mali. Ikiachwa na neno la kiwandani, humwonyesha mgeni asiyejulikana watoto hao hao na mlango huo huo. Ulinzi wa nyumba hauanzii kwenye kamera, bali kwenye kujua nani ameshika ufunguo.