Mwamba Uko Geita, Hesabu Yake Iko Wapi?

Miaka michache iliyopita nilimsimamia mwanafunzi aliyetaka kuandika tasnifu juu ya swali lililoonekana jepesi: mgodi ulio jirani na kwao utaisha lini? Hakutafuta siri ya mtu. Alitaka kujua kama halmashauri yake hupanga bajeti ikiujua umri wa mgodi unaoilisha. Halmashauri ikamwelekeza mgodini. Mgodini akajibiwa, kwa adabu, kwamba takwimu hizo hutolewa na makao makuu, na makao makuu hayapo Tanzania. Akarudi na daftari lililojaa vyeo vya maofisa na namba za simu, bila jibu. Ikabidi abadili mada.

Humkumbuka kijana huyo kila ninaposikia mjadala wa rasilimali unaochukulia kwamba kinachovuka mipaka yetu ni mawe peke yake.

Mgodi wa kisasa huchimbwa mara mbili, na mara ya kwanza ni ndani ya kompyuta. Wajiolojia huchoronga mamia ya mashimo, hukata sampuli, huzipima maabara, kisha huingiza majibu katika kanzidata. Kutokana na nukta hizo chache hujengwa modeli ya mwamba mzima, uliogawanywa katika matofali maelfu kwa maelfu, kila tofali na makadirio yake ya dhahabu. Ufundi huu una asili ya Kiafrika: Danie Krige aliuanzisha kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Mfaransa Georges Matheron akaujengea nadharia. Uigaji huo wa kompyuta ndio unaosema wapi pa kuchimba, kwa gharama gani, na kwa miaka mingapi.

Kisha kanzidata husafiri. Mgodi wa Geita ni wa AngloGold Ashanti. Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, unaendeshwa na Barrick ya Toronto. Makao makuu ndiyo yanayotangaza akiba ya dhahabu kwa wanahisa, hivyo ni lazima yaikague hesabu. Sioni ubaya hapo. Kanada ilikaza kanuni zake mwaka 2001 baada ya kashfa ya kampuni ya Bre-X, iliyodai kuwa na dhahabu nyingi Busang, Indonesia, hadi ilipobainika mwaka 1997 kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa hila. Tangu hapo mwekezaji wa Toronto analindwa na sheria dhidi ya hesabu isiyokaguliwa. Mkazi wa Msalala analindwa na nini?

Tuliionja gharama ya swali hilo mwaka 2017. Makontena 277 ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiwa Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikaripoti wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, ilhali nyaraka za wazalishaji zilionyesha gramu 200 hivi. Kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata na hesabu ya kodi. Kampuni ya Acacia ikakana. Taifa likagawanyika kati ya walioamini na waliobeza, na karibu sisi sote tuliamini au kubeza bila kuona jedwali moja la vipimo. Mgogoro ulimalizwa kwa mazungumzo: Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300, na kampuni ya Twiga ikaundwa, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Nayaheshimu mafanikio hayo. Hata hivyo, mapatano yaliamua nani alipwe nini. Hayakuuonyesha umma kipimo kipi kilikuwa sahihi.

Je, takwimu zikisafiri, ni lazima anayezituma abaki mikono mitupu? Wanafizikia wanatujibu kwamba si lazima. Jaribio la BaBar katika maabara ya SLAC, California, lilikusanya takwimu kuanzia mwaka 1999 hadi 2008. Sehemu kubwa ya uigaji wake wa kompyuta ilifanyika katika vyuo na taasisi za mbali, zikiwemo za Ulaya, na kanzidata zikatumwa California. Lakini waliotuma walikuwa wabia: walikuwa na haki ya kuisoma hazina nzima, kuihakiki na kuandika makala kutokana nayo. CERN ya Geneva leo inaendesha mtandao wa vituo takribani 170 katika nchi zaidi ya 40 kwa kanuni iyo hiyo. Kinachotofautisha ushirika na uchukuzi ni haki ya kusoma kilichotumwa.

Nasi hatukuanza jana. Idara ya jiolojia iliyoanzishwa mwaka 1925 ndiyo mzazi wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iliyopo Dodoma. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yameipa GST jukumu la kutunza takwimu za madini za taifa, na wenye leseni wanawajibika kuziwasilisha. Sheria ipo. Linalobaki ni matumizi. Faili lililopokelewa na kuhifadhiwa bila mtu wa kulifungua na kuijenga upya modeli iliyomo halina tofauti na faili lililobaki ng'ambo.

Wapo watakaosema takwimu hizi ni siri ya biashara. Kwa kiasi fulani ni kweli. Mshindani hapaswi kupewa ramani ya jasho la mwenzake. Lakini siri huwa na umri. Australia Magharibi, jimbo ambalo halituhumiwi kuwachukia wawekezaji, huweka wazi ripoti za utafiti za kampuni leseni inaporejeshwa, au kwa kawaida baada ya miaka mitano. Kampuni hazikukimbia. Watafiti wapya huanzia pale wa zamani walipoishia.

Hapa kwetu mnufaika wa kwanza angekuwa mchimbaji mdogo. Nenda Nyarugusu au Lwamgasa uone mduara uliochimbwa kwa kubahatisha, kwa mkopo, pengine katika eneo ambalo kampuni ililichoronga zamani na kuliacha. Jibu huenda lipo kabatini, naye anahatarisha maisha kulitafuta kwa sururu.

Mnufaika wa pili ni halmashauri. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo, hauendelei baada ya mauzo kukoma. Walimu, zahanati na barabara huendelea kuhitajika.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, GST ipewe bajeti na wataalamu wa kuzihakiki modeli za migodi mikubwa kwa uhuru, kila mwaka, si wakati wa mgogoro tu. Pili, takwimu za leseni zilizorejeshwa zifunguliwe kwa vyuo vikuu na wachimbaji wadogo. Tatu, kila halmashauri yenye mgodi mkubwa ipewe kila mwaka, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unaoeleza umri uliobaki wa mgodi na sababu za makadirio kubadilika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu limeandikwa vizuri, kwa sampuli za mwamba wetu na mara nyingi kwa mikono ya wajiolojia wetu. Mwanafunzi wangu hakuomba dhahabu. Aliomba kulisoma.