MILIONI 62 NI NAMBA YA WAVIVU

Wadau, nipo Ntalikwa kwa likizo lakini hasira nimekuja nazo kutoka chuoni. Hivi msomi wa mwaka wa tatu anaogopaje namba yenye tarakimu nane? "Mimi mtu wa sanaa bwana, hesabu waachie wenyewe." Muulize sensa ya 2022 ilihesabu watu wangapi, atakwambia "milioni 62". Si kweli! Ni 61,741,120. Kaongeza watu 258,880 kwa mdomo tu, na hakuna aliyeshtuka.

Haya, shika kalamu tuifungue. Inaishia na 0, kwa hiyo wapange watu kumi kumi: makundi 6,174,112, habaki mtu. Kwa 7 inakubali pia, kila fungu 8,820,160. Kwa 3 inagoma. Jumlisha 6+1+7+4+1+1+2+0 unapata 22, na 22 kwa 3 inabaki 1. Nchi nzima mtu mmoja anakosa kundi! Ukiivunja mpaka mwisho ni 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Hiyo 64 ni 2 sita zilizozidishwa, nyingine zote ni namba tasa.

Wapenda miujiza msianze. 641 ina historia, ndiyo: Fermat, bingwa kabisa, aliamini 4,294,967,297 ni namba tasa, na mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawa. Kuikuta ndani ya sensa yetu ni bahati tu. Cha kujifunza ni kwamba hata bingwa anahakikiwa.

Nasi tuhakiki. Wanawake 31,687,990: jumlisha tarakimu, 43, tena, 7. Wanaume 30,053,130: 15, tena, 6. Saba na sita ni 13, yaani 4. Jumla kuu ilitupa 22, yaani 4. Zimekubaliana! Zingekataa, ungejua hapohapo kuna kosa. Mbinu hii haikamati tarakimu zilizobadilishana nafasi, wala haikwambii kama kuna kaya iliyorukwa. Lakini ni bure, na haihitaji umeme.

Mtasema inatusaidia nini. Mkoa huu watu wanalima tumbaku. Mzee anaandikiwa kilo, madaraja na bei kwenye karatasi, anasaini, anaondoka. Mtoto wake yuko chuo kikuu na hajawahi kuijumlisha karatasi ile, eti yeye mtu wa sanaa! Zamani misafara ilipopita hapa Unyanyembe, asiyejua kuhesabu mizigo yake alihesabiwa na mwenzake. Unadhani leo imebadilika?

Asiyegusa namba atasomewa namba, na atapiga makofi. Msiniambie hesabu ni kipaji. Kujumlisha tarakimu nane ni kazi ya darasa la tatu, tatizo letu ni uvivu tuliouvalisha joho.

Nawasilisha. Mwenye kubisha aje na kalamu.