Wingu Lisilo Hewani

Tunapoambiwa kuwa picha za arusi ya binti yetu zimehifadhiwa “katika wingu”, twadhani zimepaa mahali pasipo uzito wala gharama. Sivyo. Zimo ndani ya seva, nayo ni kompyuta ya chuma, shaba na plastiki, iliyopangwa kabatini pamoja na maelfu ya nyingine, ikifanya kazi usiku na mchana.

Umri wa mashine hiyo huanzia mgodini. Huko Rubaya, Kivu ya Kaskazini, wachimbaji huichimbua koltani kwa mikono. Humo hupatikana tantalamu, inayotumika katika vifaa vidogo vinavyotuliza umeme ndani ya kompyuta. Kisha vinafuata viwanda vya chipu, vyenye kutumia maji na umeme kwa wingi. Halafu huja miaka ya kazi: mwaka 2024 vituo vya data vilikadiriwa kutumia asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na nchini Ireland vilichukua asilimia 21 mwaka 2023. Mwisho ni jalalani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Wapo wasemao: nunueni mpya, hula umeme kidogo. Ni kweli, na kila mwenye friji kuukuu analijua hilo. Lakini ile ya zamani haitoweki, na hii mpya nayo imechimbiwa madini yake. Panapotumika umeme wa makaa ya mawe, madhara makubwa huwa katika matumizi. Panapotumika umeme wa maji au upepo, sehemu kubwa huwa katika utengenezaji. Kwa hiyo hesabu ya haki huanzia mgodini hadi jalalani, wala haitazami bili ya umeme peke yake.

Nasi tuna sehemu yetu. Kufuta video tusizozitazama ni jambo jema, ingawa faida yake ni ndogo. Lililo kubwa zaidi ni kuitunza simu ingali nzima, kuipeleka kwa fundi kabla ya dukani, na kutowazoesha watoto kudai mpya kila mwaka. Israfu haiachi kuwa israfu kwa sababu mgodi na jalala viko mbali na macho yetu.