Dawa ya Choo Ianze na Maswali

Tiba ya Kichina ya kukosa choo ina jambo moja la kuigwa, nalo si vidonge vyake. Ni maswali. Tabibu aliyeisomea hatoi dawa kabla hajatazama ulimi, hajashika mapigo ya mkono, wala hajauliza: choo ni kigumu kama cha mbuzi, au ni laini ila hakitoki? Tumbo limejaa gesi? Mwenye kiu na ulimi mwekundu wenye utando wa njano huhesabiwa ana joto tumboni, akapewa mzizi wa dahuang, unaosukuma kwa nguvu. Mzee aliyedhoofika, au mama aliyepoteza damu akijifungua, huhesabiwa ana upungufu. Huyo hulainishwa kwa mbegu zenye mafuta. Kumsukuma kwa dahuang ni kumwongezea udhaifu.

Unga wa "kusafisha tumbo" anaouziwa mkazi wa Moshono, Arusha, hauulizi lolote. Kijiko ni kilekile kwa kijana na kwa bibi yake. Sanamaki na mshubiri, mitishamba ya siku zote kwa kazi hii, vina kemikali za ukoo mmoja na zile za dahuang: huuchokoza utumbo mpana mpaka ujikamue. Vinafanya kazi, hilo halina ubishi. Ila vikizidi humharisha mtu mpaka apungukiwe maji na potasiamu, na kwa mwenye utumbo ulioziba ni hatari kabisa.

Daktari atasema chi, yaani nguvu ya uhai katika tiba hiyo, na joto la tumbo havipimiki maabara. Kweli, nami sivitetei. Lakini sindano, tawi jingine la tiba hiyo, zimepimwa: utafiti uliochapishwa 2016, wa wagonjwa 1,075 katika hospitali 15 za China, ulilinganisha sindano za Kichina zenye umeme na sindano za kuigiza, vipindi 28 kwa wiki 8. Waliofikia choo kamili mara tatu kwa wiki walikuwa asilimia 31.3 dhidi ya 12.1. Nafuu ipo, ingawa wengi hawakuifikia (na vipindi 28 ni nauli nyingi za daladala).

Mwingine atauliza, mbona duka la dawa nalo huuza vidonge vya choo vya bisacodyl bila swali? Kosa la duka halimsafishi mwenye unga. Sheria ya Tanzania Na. 23 ya 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga. Lingeweza kudai kila muuzaji aulize machache. Mteja anakunywa maji kiasi gani? Anameza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo hufunga choo? Ameona damu chooni, amekonda bila sababu? Akikubali lolote kati ya haya mawili ya mwisho, asiuziwe kitu. Aelekezwe Hospitali ya Mount Meru.