Clone peke yake haitoshi

Nina jambo la kuwaambia wanaojifunza PHP. Katika PHP 4, kuandika $b = $a kulinakili objekti nzima. Tangu PHP 5 itoke mwaka 2004, mstari huohuo hunakili kitambulisho tu: vigeu vyote viwili vinaelekeza kwenye objekti moja, na ukibadilisha, kwa mfano, bei iliyomo kupitia $b, $a nayo itaonyesha bei mpya. Arei bado hunakiliwa. Ukitaka nakala ya objekti, tumia clone, ila kumbuka inanakili tabaka la juu tu. Objekti zilizomo ndani zitaendelea kutumiwa kwa pamoja mpaka uzinakili mwenyewe katika __clone(). Walimu wenzangu, tulifundishe hili mapema, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa data za wateja.