Tujifunze Kuuliza Kabla ya Kulaani

Ndugu zangu wa Masisi na Walikale, huku Kivu Kaskazini nchini Kongo, Jumapili haipiti bila mhubiri kuwataja walevi. Chifu huwataja barazani, mwalimu huwataja darasani, wazazi huwataja wakiwa wanalia. Vijana wamekwisha kwa pombe kali ya kanyanga, tunasema. Bangi imetuharibia watoto, tunasema. Lakini atokee mtu atuulize: ni wangapi? Wana umri gani? Walianzia wapi, shambani, machimboni au porini kwenye bunduki? Hapo tunanyamaza, au tunataja hesabu tuliyoitunga wenyewe.

Kwa ukimya huo siwalaumu walevi. Nawalaumu wenzangu tuliosoma. Goma ina Chuo Kikuu cha Goma, ina Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL), ina chuo cha ISTM kinachofundisha wauguzi, na watoto wetu wanaandika kazi zao za kumaliza masomo huko kila mwaka. Naomba baadhi yao waugeukie uraibu, na kabla ya yote wajifunze namna ya kuutafiti, maana somo hili lina mitego.

Mtego wa kwanza umo ndani ya kikombe. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, lililotokana na uchunguzi wa wagonjwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Kila swali lina alama 0 hadi 4, na anayefikisha 8 huhesabiwa kuwa unywaji wake una hatari. Ni chombo kizuri. Swali lake la pili linauliza: siku unapokunywa, hunywa vinywaji vingapi? Na kipimo cha kinywaji kimoja ni gramu 10 za alkoholi. Sasa chukua chupa kubwa ya bia, sentilita 72, yenye kilevi asilimia 5. Piga hesabu: ndani yake mna gramu 28 hivi. Mzee anayejibu "moja tu, mwanangu" amekunywa karibu tatu, na mtafiti asiyejua ameandika moja.

Hiyo ni bia, ambayo kiwanda kimeandika nguvu yake kwenye karatasi ya chupa. Nenda siku ya soko ukaitazame kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Bidoni ya njano iko chini, mama muuzaji anamimina katika kopo la plastiki, kopo linazunguka kwa watu wanne au watano, mmoja anapiga mafunda mawili, mwingine anameza nusu nzima, kisha linajazwa tena. Mwulize yeyote pale amekunywa vikombe vingapi: hata akiwa mkweli kiasi gani, hana jibu. Tena ya leo imechacha siku mbili, ya juzi ilichacha nne, nguvu zake hazilingani. Kanyanga nayo hupikwa uani kwa mtu, na kila mpishi ana mkono wake. Ndiyo maana mtafiti mwangalifu huketi na muuzaji kabla ya kuketi na mnywaji. Hulipima kopo kwa maji, huhesabu bidoni zilizoisha hadi jioni, hununua kidogo akakipeleka kupimwa nguvu. Kazi hiyo inachosha, na asiyeifanya analeta uvumi uliopigwa mhuri.

Ulimi nao una mtego wake. Swali la saba la dodoso hilohilo linamwuliza mtu kama hujiona mwenye hatia au hujuta baada ya kunywa. Mwambie mtu wetu neno "hatia", na papo hapo anamwona hakimu, au padri kwenye kitubio. "Majuto" ni laini zaidi. Hapo bado tuko katika Kiswahili. Kuna bibi wa Nyabiondo anayetaka Kihunde, kuna wa Walikale anayetaka Kinyanga, na wengi Masisi wanazungumza Kinyarwanda. Mmoja atafsiri kutoka Kifaransa, mwingine asiyeiona asili airudishe kwenye Kifaransa, kisha wakae walinganishe neno kwa neno. Zipo jioni nyingi za kazi hapo.

Halafu, tumwulize nani? Anayehesabu waliolazwa Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili pale Goma, atawapata waliovunjika kabisa, tena wenye ndugu wa kuwafikisha. Mchimbaji wa Rubaya au wa Bisie anayekunywa usiku na kushuka shimoni asubuhi hatamwona. Orodha ya kaya nayo haidumu kwetu: vita vilipofika Walikale-centre Machi 2025 wakazi wengi walikimbia, na orodha ya Februari ikabaki karatasi. Kwa watu wasio na orodha, mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn, alieleza mwaka 1997 njia ya mtu kumleta mwenzake kwa kuponi zenye namba, kisha hesabu hurekebishwa kwa kuangalia kila mmoja anajuana na wangapi. Vijana wetu wanaweza kujifunza njia hiyo.

Kwa nini nasisitiza kuwatafuta walio nje ya hospitali? Mwaka 1971 Wamarekani waliogopa kwamba askari wao walioonja heroini Vietnam wangerudi nayo nyumbani maisha yao yote. Mtafiti Lee Robins hakungojea hospitalini. Alichukua sampuli ya askari waliorudi Septemba mwaka huo, akawatafuta mmoja mmoja nyumbani kwao, akawahoji na kuwapima mkojo. Mmoja kati ya watano alikuwa mraibu kule vitani. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, karibu 5 tu kati ya kila 100 ya waraibu hao walirudi kwenye uraibu. Angewahesabu waliolazwa peke yao, angesema heroini haimwachi mtu. Sasa fikirini vijana wetu wanaotoka porini. Tunawaita waliopotea, na hakuna aliyewafuata nyumbani kuona wangapi waliacha walipopata shamba na mke.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Katika milima yetu, orodha ya majina inaweza kuua. Usiandike jina la mtu, usimwulize alipigania kundi gani, usiache daftari kwenye gari. Pata kibali cha kamati ya maadili na cha zoni ya afya, na mtu akikataa kujibu, mshukuru uende zako.

Mwanafunzi wa ISTM unayesoma haya, ukipata nafasi ya kwenda nyumbani salama, fungasha kikombe cha kupimia chenye mistari ya mililita. Mwombe mama muuza kasiksi ruhusa, ukae naye kuanzia asubuhi hadi bidoni ya mwisho, na uandike ulichokiona.